Hodi ya Aristides

Redio iliondoka nyumbani kwetu Jumatatu moja ya masika, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Aristides mwenyewe kuondoka. Watu wakiniuliza mume wangu alifariki lini, nawatajia tarehe iliyoandikwa msalabani. Lakini nikihesabu moyoni mwangu naanzia Jumatatu ile.

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo aliifunga kwa kitenge changu, akaipakata kifuani, akavuka ua akiruka madimbwi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nilibaki mlangoni na Winifrida mgongoni, nikimtazama. Kwenye rafu ilipokuwa redio palibaki alama ya mraba, rangi ya rafu ikiwa mpya kabisa kwa sababu moshi wa jiko haukuwahi kufika pale.

Redio hiyo tuliletewa na kaka yangu Kasmir siku ya harusi. Aliibeba kwenye basi kutoka Moshi, magotini mwake njia nzima. Ilikuwa kubwa, ya kasha la mbao, na ilikamata stesheni za mbali mpaka za Maputo. Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani mbele ya nyumba, na redio ilikuwa mwenzangu wa kutwa. Nilijua saa kwa taarifa ya habari. Sasa nilikuwa nasikia mikokoteni tu na wapagazi wakipiga kelele za kuomba njia kuelekea sokoni.

Aristides alikuwa akifanya kazi kwenye shirika la umma karibu na Mnara wa Saa, chumba cha kompyuta. Yeye ndiye aliyeandika maagizo ambayo mashine inayafuata, mstari kwa mstari, kisha wasichana wakayatoboa kwenye kadi ngumu. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, kubwa kuliko makabati yote ya mtaa wetu yakiwekwa pamoja. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuagiza kompyuta mpya, kwa hiyo hiyo moja ilitunzwa kama mgonjwa. Ilikuwa na safu za taa ndogo za kuonyesha inafanya nini, lakini nyingi zilikuwa zimeungua na balbu zake hazikupatikana Dar es Salaam nzima.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ile alinieleza taratibu, maana alijua naipenda redio.

Alisema ukishaipa mashine kadi zako, inanyamaza. Huwezi kujua kama inaendelea na kazi au imekwama mahali pamoja inazunguka. Unakaa saa nzima unangoja, kumbe ilikwama dakika ya kwanza. Lakini ukiweka redio kando yake, usiiweke kwenye stesheni yoyote, basi umeme wa mashine unaingia kwenye redio na unasikia. Kazi ikienda vizuri ina sauti yake. Ikikwama ina sauti nyingine.

Nilimwuliza nani kagundua jambo hilo.

"Hind," akasema.

Hind alikuwa msichana mpya, binti wa Kiarabu ambaye baba yake ana duka la vitambaa Mtaa wa Mosque. Alisomea kazi hiyo nje, akarudi kuwa mtunga programu kama Aristides. Alikuja ofisini na kiredio chake cha mkononi ili asikilize mawaidha saa ya chakula, akakiweka juu ya mashine, kikaanza kulia. Watu wengine wangekizima. Yeye alikaa kukisikiliza, kisha akamwita Aristides. Lakini kiredio kilikuwa kidogo, hakikushika vizuri. Ilitakiwa redio kubwa.

Kwa hiyo wazo lilikuwa la Hind na redio ilikuwa yangu.

Jirani yetu wa chumba cha mbele, Sabaha, alikuwa akikaanga maandazi barazani hatua chache kutoka cherehani yangu. Hakuna kilichompita. Siku ya pili tu akaniuliza mbona kimya. Nilipomweleza aliweka mwiko chini.

"Shoga, redio yako imeolewa," akasema. "Imeolewa mjini, tena hukupewa hata mahari."

Wateja wake wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikakosea mshono nikafumua kola nzima.

Kabla ya hapo Aristides alikuwa akisikiliza cherehani yangu. Hilo lazima niliandike, bila hilo mengine yote hayana maana. Siku za mapumziko alilala chumbani na gazeti usoni, mimi nashona nje, na kupitia dirishani akaniambia, "Mama Winifrida, uzi wa chini unakwisha." Nikifungua, kweli ulikuwa unakwisha. Au aliniambia sindano imepinda. Hakuwahi kushona hata kifungo, lakini aliijua sauti ya cherehani yangu ikiwa nzima na ikiwa mbovu. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo bila kumwambia mtu. Nilidhani mwanamke akisikilizwa kazi yake hivyo, basi amependwa.

Na alikuwa na namna yake ya kubisha. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji sita, kutwa nzima watu wanapiga hodi kwenye milango, hujui nani kaja kwa nani. Aristides hakusema hodi. Aligonga mbao ya mlango kwa kidole kilichokunjwa, mbili za haraka, kimya kidogo, halafu moja nzito. Nikisikia ile nzito tayari nimesimama. Winifrida, kabla hajajua kusema baba, alikuwa akitambaa kuelekea mlangoni akisikia hiyo.

Baada ya redio kwenda mjini, akaanza kurudi nyumbani na sauti za mashine mdomoni. Anakula huku anatoa mlio kooni. Zilikuwa na majina. Mvua ni mashine ikisoma kadi. Kutwanga ni pale inapopanga majina ya maghala kwa mikoa. Nyigu ni ile mbaya, mlio mwembamba usiobadilika, maana yake imekwama na inazunguka. Nilimwuliza majina hayo kayatunga nani. Akasema mengine yeye, mengine Hind, hakumbuki lipi la nani.

Afadhali angekumbuka. Wawili wakisahau neno ni la nani, neno hilo limekuwa la nyumba yao.

Siku moja nilikuwa nashona sare za shule, sindano ikaanza kugonga bamba. Aristides alikuwa kitandani, mlango wazi. Nilisikia kabisa kwamba inagonga, lakini niliendelea kwa makusudi nione kama ataniambia. Iligonga mpaka ikavunjika, kipande kikaruka karibu na jicho langu. Nilipochungulia ndani alikuwa macho, anatazama dari, anavuma ule mlio wa kutwanga.

Wiki iliyofuata nilipika ndizi na nyama, nikazitia kwenye bakuli lenye mfuniko, nikamwachia Sabaha mtoto, nikaenda hadi ofisini. Sikuwa nimewahi kupeleka chakula. Mlinzi, mzee Ramadhan, alinionyesha mlango.

Chumba kilikuwa na baridi kama ya Kibosho, kwao Aristides huko Kilimanjaro, mwezi wa saba. Walikuwa wamenipa mgongo. Aristides amevaa sweta nililomfumia, Hind amejifunga ushungi mweusi na juu yake koti la kiume. Redio yangu ilikuwa kati yao juu ya meza, inatoa mlio kama wa mafuta yanayochemka. Hawakuwa wanaongea. Hawakuwa wamegusana wala kukaribiana, kati yao angeweza kukaa mtu wa tatu. Walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, namna moja. Mara mlio ukawa mwembamba. Aristides akainua kidole, na kabla kidole hakijafika juu Hind alikuwa tayari amebonyeza kitufe cha kusimamisha.

Wakacheka pamoja, kidogo tu, kama watu waliozoea.

Kama ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kusema. Ningepiga kelele, na Sabaha angenisaidia. Lakini mke ataenda kwa nani kushitaki kwamba mumewe anasikiliza kitu pamoja na mwanamke mwingine? Niliweka bakuli mezani. Aristides alifurahi kuniona, akanitambulisha. Hind akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo, dada," ingawa tulikuwa karibu rika moja. Nilimwitikia marahaba, na hilo nalo likaniuma, kwamba ameniona mkubwa.

Jioni ile nilimwambia Aristides, "Nataka redio yangu."

"Kazi ya maghala ikiisha nitairudisha."

"Itaisha lini?"

"Ikiacha kukwama."

"Si Hind alete ya kwao?"

"Ya kwao ndogo, haishiki."

"Wewe unashika."

Alitua kijiko. "Mama Winifrida, yule ni mwenzangu wa kazi."

"Na mimi ni mwenzako wa nini?"

Alisema nisimwulize hivyo mbele ya mtoto. Winifrida alikuwa amelala. 

Kuanzia hapo niliidai redio kila mwisho wa wiki, na kila mwisho wa wiki aliahidi. Siku moja alirudi amechangamka, amegonga mlango kwa namna yake kama kawaida, na kabla hajavua viatu akaniambia, "Leo nimekuweka na wewe mle ndani ya mashine."

Nilidhani ananitania kwa sababu ya redio. "Mimi si kadi," nikamjibu, nikaenda kuchota maji.

Hakulirudia tena neno hilo, nami sikumwuliza.

Alifariki siku ya Alhamisi asubuhi, kwenye ngazi za ofisi. Moyo ulisimama. Hakuwa ameumwa chochote zaidi ya kulalamika kwamba ngazi zimekuwa nyingi. Aliyekuwa nyuma yake kwenye ngazi ni Hind, na aliyempakata kichwa mpaka gari lilipofika ni Hind. Hilo nililijua kutoka kwa mzee Ramadhan, aliyedhani ananifariji.

Tangazo la kifo lilisomwa mchana. Sisi tulilisikia kwenye redio ya Sabaha, imewekwa juu ya ndoo barazani, watu wamenizunguka. Msomaji alitaja jina la Aristides, akataja jina langu, akataja ndugu zake wa Kibosho mmoja mmoja. Nilikuwa nikifikiria redio yangu kule kwenye baridi, haikuwekwa stesheni, haikulisikia.

Hind alikuja msibani na mama yake, wamebeba birika la kahawa na sinia la tende. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, akalia. Hakulia kama mtu wa ofisini anavyolia, leso machoni na kuangalia saa. Alilia mpaka mama yake akamshika mabega. Wanawake waliniangalia mimi, wakamwangalia yeye. Sabaha alinikaribia sikioni, akasema, "Huyo amefiwa na nani?" Mimi wakati huo machozi yalikuwa hayajatoka. Yangu yalitoka baadaye, ndani ya basi, tulipopita Korogwe, hakuna aliyeyaona.

Tulimzika kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo huko Kibosho. Baada ya misa ya arobaini nilirudi Dar es Salaam, nikafungua vyumba, nikafagia, nikaipangusa ile alama ya mraba kwenye rafu ingawa haikuwa na vumbi sana. Nikajiambia kwamba kesho naenda kuchukua redio. Mume sina tena, lakini redio ni yangu, na huyo binti hataendelea kukaa nayo.

Nilivuka Mnazi Mmoja kwa miguu. Mzee Ramadhan alinipa pole, nikamwamkia, akaniruhusu nipande. Ngazi zile nilizipanda polepole. Sikutaka kujua ni ipi.

Hind alikuwa peke yake. Alisimama aliponiona, akaja kunishika mikono miwili. Sweta la Aristides lilikuwa bado limening'inia nyuma ya kiti chake.

"Nimefuata redio," nikasema.

"Ni yako, dada. Chukua." Kisha akaitazama mashine. "Naomba kitu kimoja tu. Kazi ya maghala ndiyo inakwenda sasa hivi. Nikiiondoa redio na ikakwama sitajua. Ngoja iishe, halafu nitakubebea mimi mwenyewe hadi chini."

Nilikaa kwenye kiti cha Aristides. Hapakuwa na kingine.

Kwa hiyo nikaisikiliza. Mara ya kwanza tangu redio iondoke kwangu, niliisikiliza kweli. Niliijua mvua ilipokuja, nikajua kwamba kadi zinasomwa. Kisha kutwanga, kuzito kwa mpangilio, kama alivyokuwa akiutoa mlio huo kooni juu ya sahani ya chakula. Hind alikuwa ameinamisha kichwa upande uleule. Nami nilijikuta nimeinamisha changu. Nilikinyoosha.

Kutwanga kukakoma. Redio ikawa kimya.

Halafu ikagonga. Mbili za haraka, kimya kidogo, moja nzito.

"Naja," nikasema.

Nilikuwa nimesimama. Mikono yangu ilikuwa tayari imejipangusa kwenye kanga, kama ninavyofanya nikiacha cherehani kwenda kufungua. Na Hind naye alikuwa amesimama, ameelekea upande zinakotokea karatasi. Tulikuwa wanawake wawili tumeinuka kwa hodi moja. Alinigeukia akashangaa namna nilivyokuwa natazama mlango.

"Hiyo ni nini?" nikamwuliza.

"Ni mwisho wa kazi. Ikigonga hivyo najua karatasi ziko tayari."

"Nani kaiweka?"

"Aristides. Nilimwambia aweke mlio mmoja mrefu, ni rahisi. Akakataa. Alikaa siku nzima anatafuta ile ya mwisho iwe nzito. Nikamwuliza ni nini, akasema ni mtu amerudi kutoka kazini."

"Ni mlango wangu," nikasema. "Ndivyo alivyokuwa akibisha kwenye mlango wangu."

Hind alikaa. Alifunika mdomo kwa ncha ya ushungi. "Sikujua, dada. Wallahi sikujua."

"Unaisikia mara ngapi?"

Alizitazama karatasi zilizotokea. 

"Kila siku," akasema. "Kazi zikiwa nyingi, mara tatu, nne."

Mimi kwangu aligonga mara moja kwa siku, jioni, na tangu azikwe mlango haujagongwa hivyo. Kumbe wakati nalala Kibosho kwa mama mkwe nikisikiliza mvua juu ya mabati, hapa alikuwa akirudi asubuhi, akirudi mchana, na aliyeinuka kumpokea ni huyu. Alikuwa ameniambia ameniweka mle ndani. Aliniweka, lakini hakufikiri nani atakuwa chumbani kusikia. Mwanamume anaweza kukupenda na bado akakugawa.

"Beba redio," Hind akasema. "Baba ataninunulia nyingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. "Ukileta nyingine itagonga vilevile?"

"Itagonga. Hodi haiko kwenye redio. Iko kwenye kadi."

"Zitoe."

Alinitazama. "Dada, hizo aliziandika yeye. Hapa ofisini ndicho kitu chake pekee kilichobaki kinachoongea."

"Ndiyo maana nataka uzitoe."

Nilidhani atakataa, na angeweza. Ilikuwa mali ya shirika, mimi ni mjane wa kushona sare. Badala yake akavuta trei ndefu ya kadi. Alipitisha kidole juu ya kingo zake, akasimama karibu na mwisho, mahali palipochorwa mstari wa penseli, akachomoa fungu jembamba. Akachukua kadi nyingine moja mezani, akaichomeka pale, akanieleza kwamba hiyo itaiambia mashine isimame tu bila kusema kitu.

Alizishika zile kadi kwa mikono yote miwili zaidi ya ilivyohitajika.

"Sasa nitajuaje imemaliza?" akaniuliza.

"Utainuka, ukaangalie."

Akanipa. Nilizitia kwenye mkoba, nikachukua na sweta. Redio niliiacha. Aliniuliza tena kama naibeba, nikamwambia hapana. Bila redio nyigu wangekula kazi ya Aristides kutwa nzima, na hilo sikulitaka. Nilichokuja kuchukua, ingawa sikukijua nilipokuwa navuka Mnazi Mmoja, kilikuwa kwenye mkoba.

Sabaha aliniona narudi mikono mitupu akauliza redio iko wapi. Nikamwambia ameshasema mwenyewe kwamba imeolewa. Alitaka kucheka, akaniangalia, akanipa andazi.

Kadi ziko kwenye droo ya cherehani, nimezifunga kwa uzi mweusi. Zina vitundu vidogo vya mraba. Nimezishika mbele ya taa nikitafuta zile mbili za haraka ni zipi na ile nzito ni ipi, siwezi kuzitambua. Winifrida amekatazwa kuzichezea.

Juzi Hind alikuja barazani na kitambaa kutoka dukani kwa baba yake, anataka gauni la Iddi. Aliniambia mashine siku hizi inamaliza kimya, anainuka kila mara kuangalia, na mara nyingi anakuta bado. Nilimpima mabega na kiuno. Ni mwembamba kuliko mimi. Gauni litakuwa tayari Ijumaa.